Kili Paul na nyimbo zisizo zake: nani hasa alilipia yale mapenzi?

Mjadala wa kutengeneza video kwa pesa au kwa mapenzi ukianza, haupiti muda mrefu kabla jina la Kili Paul halijatajwa. Wanaohubiri "fuata moyo wako" humchukua kama ushahidi: kijana wa kijijini alipenda nyimbo za Kihindi, akaziigiza bila kutafuta chochote, dunia ikamwona. Wanaohubiri pesa nao wana lao: si unaona alivyofika India, kwa hiyo mtandao unalipa, nunua simu uanze. Nimekifuatilia kisa hiki kwa muda na naona pande zote mbili zinakisoma kwa haraka. Ndani yake mna jambo ambalo hazilitaji kabisa, nalo ni kwamba kitu alichokipenda Kili Paul kilikuwa cha aina ambayo isingeweza kumlipa yenyewe, hata kama kingetazamwa na watu bilioni moja. Pesa ilipokuja, ilikuja kwa mlango mwingine, na kwa kitu kingine.

Tuanze na yaliyotokea. Mindu Tulieni ni kijiji cha mkoa wa Pwani, upande wa Chalinze. Hapo ndipo Kili Paul, Mmasai mfugaji na mkulima aliyekuwa na miaka 26 wakati huo, na dada yake Neema walikuwa wakijirekodi kwa simu wakiwa wamevaa lubega na shanga, nyuma yao nyasi na miti, wakifuatisha midomo nyimbo za filamu za India. Kijijini hapakuwa na umeme. Simu ilipelekwa kuchajiwa Lugoba. Mwishoni mwa 2021 video yao ya wimbo wa "Raataan Lambiyan", kutoka filamu iliyokuwa imetoka India Agosti mwaka huohuo, ilisambaa kwa kasi ambayo hata kiki za mjini hazijawahi kuifikia. Wacheza sinema wa Mumbai wakaanza kumfuata. Februari 2022 alikaribishwa Ubalozi wa India jijini Dar es Salaam akapewa heshima, na tarehe 27 ya mwezi huo Waziri Mkuu Narendra Modi akawataja yeye na Neema katika kipindi chake cha redio cha kila mwezi, akiwahimiza vijana wa India nao waimbe nyimbo za majimbo mengine ya nchi yao kwa mtindo huo. Oktoba 2022 Kili alikuwa Mumbai, mgeni katika kipindi cha televisheni cha Bigg Boss kinachoongozwa na nyota wa sinema Salman Khan.

Kutoka kuchaji simu Lugoba hadi studio ya Salman Khan kwa mwaka mmoja. Simulizi tamu, na utamu wake ndio unaotufanya tusiulize maswali ya hesabu.

Swali la kwanza: kwa nini nyimbo za Kihindi? Mgeni angeshangaa, sisi hatuna sababu ya kushangaa. Sinema za Kihindi zilikuwa zikijaza kumbi za Dar es Salaam, Tanga na Zanzibar tangu kabla ya Uhuru, na vibanda umiza, zile kumbi ndogo za video za mitaani, vya mikoani vimelea kizazi kizima kinachojua kulia pamoja na mhusika bila kuelewa neno hata moja. Taarabu yenyewe imekopa mahadhi kutoka huko. Juma Bhalo wa Mombasa alijenga jina lake lote kwa kuchukua mahadhi ya nyimbo za filamu za India na kuyavika mashairi ya Kiswahili. Kwa hiyo kijana wa Pwani kupenda nyimbo hizo hakuna ajabu yoyote, na Kili mwenyewe amesema mara nyingi kwamba alizipenda tangu utotoni.

Ila tofauti kati yake na Bhalo ndiyo kiini cha kisa chote. Bhalo alikopa mahadhi, lakini sauti ilikuwa yake na maneno yalikuwa ya Kiswahili. Aliweza kuitwa harusini, akaimba, akatunzwa, kaseti zikauzwa. Kili hakukopa kipande. Alichukua wimbo mzima kama ulivyo, na chake kikawa uso, mwili, mavazi na ile furaha ya wazi anayokuwa nayo akitamka maneno ya lugha isiyo yake. Hicho ni kipaji, na anayedhani ni rahisi ajaribu kufuatisha ubeti mmoja wa Kihindi mbele ya kamera bila kukosea pumzi. Lakini kwa sheria ya haki za muziki, na kwa mitambo ya majukwaa inayotambua wimbo kwa sekunde chache tu, mwenye wimbo ulio ndani ya video ile ni kampuni ya muziki ya India.

Hebu tupite jukwaa moja baada ya jingine tuone mwaka 2021 hali ilikuwaje kwa mtu wa Mindu Tulieni.

TikTok ilikuwa na mfuko wa kuwalipa watengeneza maudhui. Ulitangazwa Julai 2020 kwa dola milioni 200 ukiwalenga Wamarekani, halafu ukapanuliwa kwenda nchi kadhaa za Ulaya. Afrika haikuwemo. Mtanzania angeweza kupata watazamaji milioni kumi kwa usiku mmoja na asubuhi akaamka na sifa tu. Mfuko huo baadaye ulibadilishwa na mpango mwingine unaotaka video ya zaidi ya dakika moja na iwe kazi yako halisi, kwa hiyo hata kama Tanzania ingeingizwa, kipande cha sekunde ishirini cha kufuatisha wimbo wa mtu kisingepenya.

Tena kuna kituko kingine. Wapenzi wa nyimbo zile wako India, na India ilikuwa imeifungia TikTok tarehe 29 Juni 2020, pamoja na programu nyingine 58 za China, baada ya askari wa nchi hizo mbili kupigana mpakani. Yaani kijana alikuwa anaimba kwa lugha ya watu ambao kisheria hawakuweza kumwona pale alipoanzia. Walimwona kwenye Instagram, ambayo ilileta huduma yake ya video fupi India siku chache tu baada ya marufuku ile kuacha pengo. Na Instagram nayo, kwa Mtanzania, haikuwa na malipo ya matangazo. Ilikuwa na wafuasi, basi.

Inabaki YouTube, jukwaa ambalo Watanzania wengi wanalijua kwa kulipa. Huko kigezo tangu 2018 kilikuwa wafuasi 1,000 na saa 4,000 za kutazamwa ndani ya mwaka mmoja. Kwa video ndefu mtengenezaji hubaki na asilimia 55 ya pesa ya matangazo. Lakini ukiweka video yenye wimbo mzima wa mtu, mtambo wa haki miliki unaushika, na mwenye wimbo anaweza kuamua matangazo yabaki na pesa yote imfikie yeye. Kwa video fupi mgawo wa matangazo ulikuja Februari 2023 tu: pesa ya matangazo ya video fupi za nchi moja inakusanywa pamoja, kwanza linakatwa fungu la kulipia muziki, kinachobaki kinagawanywa kwa watengenezaji kulingana na walivyotazamwa, na kila mmoja anachukua asilimia 45 ya sehemu yake. Ni afadhali, lakini ilikuja zaidi ya mwaka baada ya Kili kuwa gumzo. Na bei ya tangazo hufuata soko la mtazamaji aliko. Mtazamaji wa India, kwa kawaida, analeta pesa ndogo sana ukimlinganisha na wa Marekani.

Ukiyapanga hayo yote mezani, unaona kwamba mtu aliyeanza kwa hesabu ya pesa asingechagua njia ile hata kwa bahati mbaya. Angeshauriwa afungue chaneli ya udaku, au vichekesho, au aimbe Bongo Fleva. Angeambiwa soko la nyimbo za Kihindi nchini ni dogo, India hawaioni TikTok, na muziki si wake. Ushauri huo ungekuwa sahihi kila neno, na ungemzalisha mchekeshaji mmoja zaidi kati ya maelfu. Hapa ndipo nawapa wapenda-moyo haki yao: mapenzi yalimpeleka mahali ambapo hapakuwa na foleni, kwa sababu hakuna mwenye akili ya biashara aliyeona faida ya kupanga foleni pale.

Lakini wasishangilie mapema. Aliweza kukaa mahali pasipolipa kwa sababu hakuwa anakula kutokana na video. Alikuwa mfugaji na mkulima. Ng'ombe walikuwepo kabla ya simu na shamba halikuwa linasubiri idadi ya watazamaji. Hili ndilo linalofichwa na kauli ya "fuata moyo". Kijana wa Manzese anayelipa kodi ya chumba kila mwezi, aliyeacha kibarua ili atengeneze video anazozipenda, yuko katika hali tofauti kabisa na Kili hata kama wote wawili wanasema "napenda tu". Wa kwanza ana mwezi mmoja au miwili ya kupenda. Baada ya hapo bando, chakula na mwenye nyumba ndio wanaoamua video inayofuata iwe ya nini, na kwa kawaida huamua iwe ya ugomvi wa mastaa.

Sasa tuje kwenye pesa yenyewe. Ilitoka wapi? Sina nia ya kuhesabu mfuko wa mtu, ila njia zake zinaonekana hadharani: mialiko, vipindi vya televisheni, safari, matangazo ya bidhaa, kuonekana kwenye shughuli za filamu. Mwaka 2025 alifika Kerala, jimbo la kusini mwa India ambako mashabiki wa lugha ya Kimalayalam wamempa jina lao la kumbembeleza. Yote hayo ni malipo ya mtu kuwepo. Anayelipa halipii video; analipia Kili Paul asimame pale, avae vile, atabasamu, apige picha na mgeni rasmi.

Kiuchumi, basi, zile video ziligeuka kuwa tangazo la mtu mwenyewe. Hakuna ubaya hapo, wanamuziki wetu wamekuwa wakiishi hivyohivyo miaka mingi: wimbo unapigwa bure redioni, pesa inapatikana ukumbini. Isipokuwa mwanamuziki akipanda jukwaani ana nyimbo zake za kuimba. Mfuatisha midomo akipanda jukwaani anabaki na nini? Anabaki na sura yake na simulizi yake. Hapo ndipo pesa inapoanza kuyagusa mapenzi, na inayagusa kwa namna ambayo wengi hawaitegemei. Haimwambii aache nyimbo za Kihindi. Inamwambia asiache kamwe.

Chukua suala la lubega. Kabla ya umaarufu lilikuwa vazi, amevaa kwa sababu ndivyo wanavyovaa. Baada ya umaarufu likawa sare ya kazi. Sehemu ya mshangao wa watazamaji wa India, tuseme ukweli, ilikuwa ni kuona Mmasai mwenye fimbo akitamka maneno ya mapenzi ya Kihindi. Mshangao huo una upande wake mzuri, watu wa mbali wamegundua wanapenda kitu kimoja. Una upande mwingine pia, ule wa mtalii anayelipa kupiga picha na Mmasai ufukweni Nungwi. Mtengenezaji aliyepatikana kwa mshangao anafungwa na mshangao huo. Siku akitaka kuvaa jinzi na kuzungumzia bei ya mbuzi, wafuasi wengi hawatakuwepo. Sisemi yeye analalamika; nasema mtu yeyote aliye katika nafasi hiyo anapaswa kujua kwamba mwajiri wake sasa ni ile picha ya kwanza watu waliyoipenda.

Halafu kuna Neema. Katika video zilizowatoa walikuwa wawili, na kwa macho yangu Neema ndiye aliyezipa utulivu: kaka anaigiza kwa mikono na macho yote, dada anafuatisha akiwa mtulivu kabisa, kana kwamba wimbo ni wake wa siku zote. Modi aliwataja wote wawili. Lakini ukifuata mialiko, picha za ubalozini, studio za Mumbai na safari ya Kerala, unamwona Kili. Soko hupenda uso mmoja na jina moja, kwa sababu ni rahisi kuliandika kwenye bango. Kitu kilichofanywa na ndugu wawili kijijini, jioni, bila mkataba, kilipoingia sokoni kikawa cha mmoja. Hili hutokea kwenye vikundi vya muziki kila siku na hatuoni ajabu, ila kwenye mjadala wa mapenzi na pesa ni nadra kutajwa, nami naona ndiyo gharama halisi zaidi katika kisa hiki chote.

Kuna upande wa serikali pia, ambao nitaupitia upesi. Mwaka 2018 Tanzania ilitoa kanuni za maudhui ya mtandaoni zilizowataka wenye blogu na televisheni za mtandaoni kuwa na leseni: shilingi 100,000 za maombi, 1,000,000 za leseni na 1,000,000 nyingine kila mwaka. Kanuni zilirekebishwa 2020 na tena 2022, lakini fikiria mantiki ya ile ya mwanzo: ilimtaka mtu awe ameshaamua kufanya biashara kabla hajajua kama anaipenda kazi. Mwenye mapenzi matupu hana shilingi 2,100,000 za kujaribia. Kanuni ya namna hiyo inawachuja watu wa majaribio na kuwabakiza wenye mtaji, halafu tunashangaa kwa nini chaneli zetu zinafanana.

Kodi nayo ikafuata. Kenya, kupitia sheria ya fedha ya 2023, iliweka kodi ya zuio, ile inayokatwa na anayelipa kabla pesa haijamfikia mlipwaji, ya asilimia 5 kwa malipo ya watengeneza maudhui, baada ya pendekezo la awali la asilimia 15 kupigiwa kelele. Tanzania ikaweka asilimia 5 mwaka 2024. Tofauti ni kwamba Kenya ilifanya jambo la pili ambalo wakati huo hatukulisikia kwetu: viongozi wake walikaa mezani na kampuni inayomiliki Facebook na Instagram, na mwaka 2024 Wakenya wakaanza kufunguliwa njia ya kulipwa kutokana na matangazo. Kutoza kodi pesa ambayo jukwaa bado halijakubali kuilipa ni kuanza kupika kwa kuosha vyombo.

Je, kisa kingeweza kwenda tofauti? Naona mahali pamoja tu pa kugeuzia, nako ni miezi ile kati ya Februari na Oktoba 2022, watu wakiwa wamemtazama na pesa bado haijaamua sura yake. Katika dirisha la namna hiyo mtu anaweza kutengeneza kitu ambacho ni chake. Angeweza kuweka maneno ya Kiswahili au ya Kimaasai juu ya mahadhi mapya, kwa njia ya Bhalo lakini na mtunzi wa leo. Angeweza kusimulia kwa sauti yake maisha ya mfugaji wa Pwani kwa wale mamilioni waliokuwa tayari wanasubiri. Pengine wangetazama wachache. Lakini video ya dakika nane ya Mmasai akieleza anavyomtambua ng'ombe mgonjwa haina kampuni ya muziki ya kudai sehemu, na inalipwa asilimia 55 hata mtengenezaji akiwa amelala. Mapenzi kwa nyimbo yasingekufa. Yangekaa upande, yakifanywa kwa raha.

Hapo wapenda-pesa watasema: unaona, alipaswa kupanga. Nami nasita. Kupanga huko kunahitaji mtu wa kukushauri ambaye hatafuti asilimia kutoka kwako, na wakati huo kila aliyempigia simu kijana wa Mindu Tulieni alikuwa na kitu anachokitaka. Aliyezoea kuuza ng'ombe mnadani anajua bei ya ng'ombe kwa kumtazama. Bei ya uso wako kwenye tangazo la nchi nyingine unaijulia wapi?

Kwa hiyo akija kijana leo na kuniuliza aanze kwa mapenzi au kwa pesa, namrudisha kwenye mambo ya karatasi. Anachokipenda ni chake au ni cha mtu? Watazamaji wake wako nchi gani, na jukwaa analotumia linamlipa aliye Tanzania au linamsifu tu? Kula yake ya miezi sita ijayo inatoka wapi kama video hazikuleta kitu? Na mkataba wa kwanza ukifika, kabla ya kutazama kiasi kilichoandikwa, aangalie picha zake zitatumika kwa muda gani, ile asilimia 5 inakatwa na nani, na kama yule anayeimba naye kila jioni ameandikwa humo kwa jina.